Chagua Programu Ambayo Utaweza Kuiacha

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa nijibu swali moja: mtu mwenye nyimbo elfu kadhaa kwenye kompyuta yake atumie programu gani kupanga metadata, yaani yale maelezo ya jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka na mtunzi ambayo wengi wetu tunayaita tagi? Nitataja programu kwa majina yake na nitasema wazi ninazozipenda. Ila mniruhusu nianze na kipimo, maana programu huja na kwenda. Kipimo changu ni hiki: siku utakapoifuta programu hiyo, je, kazi yote uliyoifanya itabaki ndani ya nyimbo zenyewe? Kama itabaki, tuendelee kuichunguza. Kama haitabaki, hata ipendeze vipi kwa macho, mimi siipokei.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Faili inayoitwa "Track 07" ni mali isiyo na daftari. Wimbo upo na unachezeka, lakini hujui nani kaimba, nani katunga, wala umetoka kwenye albamu gani. Faili kama hizo zikiwa ishirini utazitambua kwa kuzisikiliza. Zikifika elfu tano umeshazipoteza, ingawa zote ziko palepale kwenye diski.

Daftari la wimbo linaweza kukaa mahali pawili. Linaweza kuandikwa ndani ya faili ya wimbo, au linaweza kukaa kwenye hifadhidata ya programu unayoitumia. Programu nyingi za kuchezea muziki hufanya yote mawili kwa wakati mmoja bila kukueleza. Jina la wimbo linaandikwa kwenye faili, lakini nyota ulizoupa, idadi ya mara ulizousikiliza, orodha ulizopanga, na pengine hata picha ya jalada, vinabaki kwa programu. Hutaona tofauti hadi siku unapohamia kompyuta nyingine. Nyimbo zinafika, nusu ya kazi yako haifiki. Kwa hiyo ukikutana na programu mpya, kabla hujauliza inaweza kufanya nini, uliza inachoandika inakiandika wapi.

Hofu hii ina historia. Diski za CD zilipoingia sokoni mwaka 1982 hazikubeba majina ya nyimbo. Zilibeba sauti, pamoja na orodha inayoonyesha kila wimbo unaanzia wapi. Ndiyo maana ukiitia CD kwenye kompyuta bila msaada wowote unaona Track 01, Track 02, Track 03. Katika miaka ya 1990 ikazaliwa hifadhidata iliyoitwa CDDB. Kompyuta ilipima urefu wa nyimbo zilizomo kwenye diski, ikatuma vipimo hivyo, ikarudishiwa majina. Majina hayo yalikuwa yamechapwa na wapenzi wa muziki wa pembe zote za dunia, diski moja baada ya nyingine, bila malipo. Baadaye CDDB ikageuka biashara, ikaitwa Gracenote, na masharti ya kuitumia yakabadilika. Baadhi ya watu wakaanzisha freedb ili majina yaendelee kupatikana bure, nayo ikafungwa mwaka 2020. Wengine, Robert Kaye akiwa mbele, wakaanzisha MusicBrainz, ambayo tangu mwaka 2004 inasimamiwa na MetaBrainz Foundation, taasisi isiyotafuta faida. Data yake ya msingi imewekwa huru kwa kila mtu.

MusicBrainz naiamini kuliko hifadhidata nyingine yoyote ya muziki. Hata hivyo, tazameni katika hadithi hiyo ni nini kilichonusurika kila mara. Mtu aliyekuwa ameandika majina ndani ya faili zake hakuguswa na biashara ya CDDB wala na kufungwa kwa freedb. Faili zake zilikuwa zimeshabeba kila kitu.

Sasa tuingie ndani ya faili yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo programu nzuri na mbaya zinapoachana. MP3 ilipobuniwa haikuwa na mahali pa kuandika jina la wimbo. Mwaka 1996 Eric Kemp akabuni njia rahisi: akaongeza baiti 128 mwishoni mwa faili, zinazoanza na herufi TAG. Hiyo ndiyo ID3 toleo la kwanza. Jina la wimbo limetengewa herufi 30, msanii 30, albamu 30, mwaka 4, maoni 30, kisha baiti moja ya aina ya muziki. Tuseme wimbo unaitwa "Nitakupenda Mpaka Mwisho wa Dunia". Ndani ya toleo hilo utasomeka "Nitakupenda Mpaka Mwisho wa Du", kwa sababu nafasi kati ya maneno nazo huhesabiwa. Ukikuta kwenye mkusanyo wako majina mengi yaliyokatwa namna hiyo, jua kwamba faili hizo zilipitia kwenye programu iliyotegemea toleo la kwanza. Na ile baiti ya aina ya muziki ilikuwa namba tu, kutoka orodha ya aina 80. Polka ilikuwa na namba yake. Muziki wa watu wengi duniani ulirundikwa chini ya namba moja iliyoitwa "Ethnic". Jambo hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu bado kuna faili zinazozunguka zikiwa na neno hilo. Andikeni rumba kuwa rumba. Tagi za siku hizi zinakubali neno lolote.

Mwaka 1998 ilitoka ID3 toleo la pili, inayokaa mwanzoni mwa faili na kubeba majina marefu, picha, maneno ya wimbo, mtunzi na mengine mengi. Katika matoleo yake yanayotumika leo kila taarifa ina kifupi cha herufi nne: TIT2 ni jina la wimbo, TPE1 msanii, TALB albamu, TCOM mtunzi. Ingekuwa imeishia hapo, hotuba yangu ingekuwa fupi. Lakini kuna 2.3 ya mwaka 1999 na 2.4 ya mwaka 2000, na zote mbili zingali zinatumika. Katika 2.3 mwaka wa wimbo unaandikwa kwenye TYER. Katika 2.4 unaandikwa kwenye TDRC. Toleo la 2.4 linakubali UTF-8, usimbaji wa herufi (yaani namna ya kuzigeuza herufi kuwa namba za kompyuta) unaotumika karibu kila mahali leo, ilhali 2.3 hutegemea UTF-16 kwa herufi zilizo nje ya zile za Ulaya Magharibi. Wimbo ukiwa na wasanii wawili, 2.3 huwatenganisha kwa mkwaju, yaani alama hii: /. Matokeo yake, bendi ya AC/DC inaweza kusomwa kama wasanii wawili, mmoja AC na mwingine DC.

Mambo haya yanamgusa kila mtu. Redio nyingi za magari na vifaa vya zamani husoma 2.3 vizuri, zikikutana na 2.4 hazionyeshi kitu au huonyesha mwaka mtupu. Halafu kuna programu zinazoandika herufi kwa usimbaji mmoja na kutangaza mwingine. Chukua jina la Salif Keïta, lenye ile i ya nukta mbili. Likiandikwa kwa UTF-8 na kusomwa kama usimbaji wa zamani, unaona Salif KeÃ¯ta. Mwenye mkusanyo anadhani faili imeharibika. Sauti ni nzima kabisa, kilichoharibika ni daftari, na aliyeliharibu ni programu.

Ushauri wangu ni kwamba uchague toleo moja kwa mkusanyo wote. Kama nyimbo zako zitachezwa kwenye gari au kifaa cha zamani, chagua 2.3 yenye UTF-16. Kama zinachezwa kwenye simu na kompyuta za karibuni tu, 2.4 inafaa na ni safi zaidi. Programu isiyokuruhusu kuchagua, au isiyokuonyesha imechagua nini kwa niaba yako, iache.

Kwa sisi tunaoandika Kiswahili kuna jambo jingine dogo la herufi, nalo ni ritifaa ya ng'. Kibodi nyingi huandika ritifaa iliyonyooka. Hifadhidata nyingine, MusicBrainz ikiwemo, hupendelea ile iliyopinda. Kwa jicho lako majina mawili ni sawa, kwa kompyuta ni tofauti, na ukitafuta kwa moja hupati la pili. Programu iitwayo Picard ina chaguo kwenye mipangilio yake la kugeuza alama za namna hiyo ziwe za kawaida. Mimi huliwasha.

Fomati nyingine nitazipita haraka. FLAC, Ogg Vorbis na Opus hutumia tagi za Vorbis: maneno yanayosomeka kama ARTIST na TITLE, kwa UTF-8, bila vita vya matoleo. Faili za M4A zina mfumo wake, na programu nzuri zote huumudu. WAV ni tatizo, kwa sababu programu hazikubaliani tagi zikae wapi. Kama una rekodi za WAV unazozithamini, zigeuze ziwe FLAC. Sauti haipungui hata chembe, na daftari linapata makao.

Sasa programu zenyewe. Kazi ya tagi ina sura tatu ambazo watu huzichanganya: kuitambua rekodi usiyoijua, kusahihisha kwa mkono rekodi unayoijua, na kulinda utaratibu mmoja katika mkusanyo mkubwa. Sijaona programu moja inayoshinda zote katika sura zote tatu, na anayekwambia ipo labda hajashika mkusanyo mkubwa.

Kwa kutambua, mimi natumia MusicBrainz Picard. Ni programu huria, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Nguvu yake ni alama ya sauti. Inasikiliza mwanzo wa wimbo, kama dakika mbili, inatengeneza alama fupi inayoutambulisha, kisha inaulinganisha na alama zilizomo kwenye hifadhidata ya AcoustID. Jina la faili halihitajiki. Faili iliyoitwa "Track 07" inarudi ikiwa na msanii, albamu, mwaka na namba yake, mradi rekodi hiyo imeshasajiliwa. Upande wa kushoto unaona faili zako, upande wa kulia albamu zilizopatikana, na chini kabisa kuna safu mbili: thamani ya zamani na thamani mpya. Safu hizo mbili ndizo zilizonifanya niipende. Hakuna kitu kinachoandikwa hadi ubonyeze kuhifadhi, na kabla ya hapo umeona kwa macho yako kila neno litakalobadilika.

Tahadhari yake ni hii. Rekodi moja inaweza kuwa kwenye albamu ya awali na tena kwenye makusanyo kumi ya nyimbo bora. Alama ya sauti ni ileile kote. Ukiiachia Picard rundo la nyimbo mchanganyiko, itautuma wimbo huu kwenye mkusanyo huu na ule kwenye mkusanyo ule, na albamu moja uliyokuwa nayo itatawanyika vipande saba. Anza kwa kupanga faili za albamu moja kwenye folda moja, kisha ziunganishe kama kundi na kulitafuta kundi zima. Alama ya sauti iwe njia ya pili, ya faili zilizoshindikana. Vilevile kwenye mipangilio kuna mahali pa kueleza kwamba unapendelea albamu kuliko makusanyo. Paguse siku ya kwanza.

Kwa kusahihisha kwa mkono, watumiaji wa Windows wana Mp3tag ya Florian Heidenreich, na sijaona inayoizidi kwa wepesi. Ipo pia ya Mac. Walio kwenye Linux wana Puddletag, iliyotengenezwa kwa kufuata mtindo huohuo wa jedwali. Kid3 inapatikana kote, na ina sifa moja ninayoithamini mno: inakuonyesha ID3 toleo la kwanza na la pili pamoja kwenye dirisha moja. Ukikuta kifaa kinaonyesha jina tofauti na kompyuta, fungua faili hiyo kwenye Kid3, na mara nyingi utagundua matoleo mawili yanasema maneno mawili, kila kifaa kikiamini lake.

Programu hizi zina uwezo wa kugeuza jina la faili kuwa tagi, na huo peke yake huokoa siku nzima. Tuseme una faili mia zilizopewa majina kwa mtindo wa namba, kistari, msanii, kistari, wimbo. Kwenye Mp3tag unaandika %track% - %artist% - %title%, inakuonyesha kila neno litaangukia wapi, unakubali, na faili zote mia zimejazwa. Kinyume chake pia kinawezekana: tagi zikishanyooka, majina ya faili yanatengenezwa kutokana nazo. Zingatia tu kwamba Mp3tag isipoguswa huandika 2.3 yenye UTF-16. Kama umeamua kutumia 2.4, kabadilishe kwanza.

Kwa sura ya tatu, ya kulinda utaratibu, kuna beets. Hii huendeshwa kwa kuandika amri, haina madirisha ya kubofya, kwa hiyo si ya kila mtu. Lakini kwa mwenye mkusanyo wa maelfu na asiyeogopa kuandika amri, inafanya kazi ya msaidizi wa maktaba: kila albamu mpya inapitia mlango mmoja, inalinganishwa na MusicBrainz, unaonyeshwa tofauti na kuulizwa kama unakubali, kisha inahamishiwa kwenye folda yake kwa utaratibu ulioandika mara moja. Ina hifadhidata yake, ndiyo, ila inaandika kwenye faili pia, na kwa hiyo imepita kipimo changu.

Naomba sasa nikae kidogo kwenye jambo ambalo hakuna programu itakayokufanyia: kuamua jina. Franco Luambo Makiadi alikuwa na bendi ya OK Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1956, ambayo baadaye iliitwa TPOK Jazz. Fungueni mkusanyo wowote wenye nyimbo zake. Mtakuta Franco, mtakuta Franco Luambo, mtakuta OK Jazz, T.P. OK Jazz ikiwa na nukta, TPOK Jazz bila nukta, na Franco & TPOK Jazz. Kompyuta inaona wasanii sita. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kosa, kila moja lina sababu yake, lakini anayetafuta kazi za mtu huyu mmoja ataona sehemu ndogo tu akadhani ndiyo zote.

Dawa iko kwenye sehemu mbili tofauti za tagi. Kuna msanii wa wimbo na kuna msanii wa albamu. Kwa msanii wa wimbo andika kama ilivyo kwenye jalada, pamoja na walioshirikishwa. Kwa msanii wa albamu andika jina moja lilelile kwenye nyimbo zote za albamu hiyo. Albamu yenye nyimbo 14 na wageni watano, ikikosa msanii wa albamu, huonekana kwenye simu kama albamu sita. Kwa hiyo programu yoyote unayoipima, angalia kama sehemu ya msanii wa albamu inaonekana wazi kwenye jedwali lake kuu au imefichwa. Kwenye ID3 sehemu hiyo inaandikwa TPE2, ambayo kwa maandishi ya awali ilikusudiwa bendi au okestra, na programu zikakubaliana kwa mazoea kuitumia hivi.

Picha za jalada hazihitaji maneno mengi. Picha ya MB 2 ukiitia ndani ya kila wimbo wa albamu yenye nyimbo 12 umeongeza MB 24 kwa picha moja. Ipunguze kwanza.

Kabla hujaikabidhi programu mkusanyo wako, ijaribu kwenye nakala. Tengeneza folda ndogo na uweke faili ngumu kwa makusudi: MP3 moja, FLAC moja, M4A moja, wimbo wenye jina refu kuzidi herufi 30, jina lenye herufi kama ï, jina lenye ng', wimbo wa wasanii wawili, na albamu ya diski mbili. Rekebisha tagi zote kwa programu unayoipima. Ifunge. Fungua folda hiyohiyo kwa programu nyingine isiyo na uhusiano nayo, kisha ihamishie kwenye simu na kwenye kifaa cha zamani kuliko vyote ulivyonavyo. Kinachoonekana sawa kote kimeandikwa vizuri. Faili za FLAC zina faida ya ziada hapa: ndani yake mna alama ya MD5 iliyokokotolewa kutokana na sauti peke yake, kwa hiyo unaweza kuthibitisha kwamba kubadilisha tagi hakukugusa sauti. Na nakala rudufu ya mkusanyo mzima iwe imekaa kwenye diski nyingine kabla ya jaribio la kwanza, kwa sababu programu hizi hubadilisha faili elfu kwa kubofya mara moja, na si zote zitakuruhusu kurudi nyuma.

La mwisho linahusu rekodi ambazo Picard itazisikiliza na kurudi mikono mitupu. Zipo nyingi, na nyingi kati yake ni za lugha zetu. Zilitoka kwa nakala chache, au zilirekodiwa redioni, na hakuna aliyewahi kuziingiza popote. Hapo programu haikosei, hifadhidata ndiyo haina kitu. Ukiwa na jalada mkononi, wewe ndiye chanzo. Jaza tagi kwa mkono, mtunzi na wapiga vyombo wakiwemo kama wametajwa, kisha fungua akaunti MusicBrainz uiingize albamu hiyo, na kupitia Picard utume alama za sauti kwenda AcoustID. Kazi hiyo kwa albamu moja haizidi jioni moja. Kuanzia hapo, mtu mwingine mwenye faili hiyohiyo iliyoandikwa "Track 07", popote alipo, atarudishiwa majina ya wasanii hao yakiwa kamili. Kama mmekuja na kompyuta zenu na mna albamu ya namna hiyo, nibakie nanyi baada ya kikao tuiingize pamoja. Asanteni sana.